Maswali ya Wasomaji: Wiki ya Nje ya Darasa Katika Shule ya Mlimani

Swali la kwanza

Ndugu Mshauri, mimi ni mwalimu wa jiografia katika shule ya bweni iliyoko kwenye mteremko wa Mlima Elgon, si mbali na mji wa Kapchorwa, Uganda. Kila mwaka, katika muhula wa pili, shule yetu hutenga wiki moja ya shughuli za nje kwa wanafunzi wa kidato cha pili, na mwaka huu naibu mwalimu mkuu ameniachia mimi kazi hiyo yote. Wanafunzi ni 80. Ratiba niliyoikuta ni mbio za nyika Jumatatu, kupanda miti Jumanne, matembezi hadi maporomoko ya Sipi pamoja na kuogelea Jumatano, kuingia pangoni Alhamisi, kambi ya usiku mmoja msituni Ijumaa hadi Jumamosi, na mashindano ya mabweni Jumapili alasiri. Wiki hiyohiyo mimi ndiye mwalimu wa zamu, na nina mitihani ya majaribio ya kidato cha nne ambayo sijaisahihisha. Wanafunzi nao wanadai kwamba badala ya kambi tupande hadi kilele cha Wagagai. Nifanyeje ili wiki hii ipite salama nami nibaki na nguvu? *Mwalimu wa Jiografia, Kapchorwa*

Jibu

Mwalimu, ratiba uliyokabidhiwa imeandikwa na mtu ambaye hakutarajia kuitekeleza mwenyewe. Ina mambo mawili yanayopaswa kufutwa kabisa, moja linalopaswa kuahirishwa, na mengine ambayo ni mazuri lakini yamepangwa vibaya. Nitaanza na ya kufutwa, kwa kuwa ndiyo yatakayokupa nafasi ya kupumua.

Pango lifute bila mjadala. Mwezi wa Oktoba 2017 ugonjwa wa Marburg ulizuka wilayani Kween, ambao ni majirani zenu kabisa, ukaua watu watatu, na mtu wa kwanza kuugua anaaminika kuwa mwindaji aliyeishi karibu na pango lenye popo wengi. Upande wa pili wa mlima, nchini Kenya, pango la Kitum limehusishwa na wagonjwa wawili wa Marburg, mmoja mwaka 1980 na mwingine mwaka 1987, na huyu wa pili alikuwa mvulana wa miaka 15, yaani rika la wanafunzi wako. Virusi hivyo hubebwa na popo wala matunda wanaolala mapangoni kwa maelfu, nao popo wenyewe hawaonekani kuumwa, kwa hiyo hakuna mwongozaji anayeweza kulitazama pango na kukuhakikishia kwamba ni salama. Mapango mengi ya Elgon yana popo. Kama somo lako linahitaji miamba iliyotokana na volkano, nenda kwenye genge lolote la wazi. Mlima mzima umetokana na volkano, na hakuna kitu ndani ya pango ambacho mwanafunzi wa kidato cha pili hawezi kukijifunza nje yake.

La pili ni kuogelea chini ya maporomoko. Sipi ina maporomoko matatu, na lile kubwa huanguka karibu mita 100. Maji yanayotua kutoka kimo hicho huchimba shimo lisiloonekana kina chake, huzunguka kwa nguvu, na ni ya baridi kiasi cha kumfanya mtoto ashtuke na kuvuta pumzi akiwa bado ndani ya maji. Isitoshe, mvua ikinyesha juu mlimani wakati ninyi mko juani, mto hujaa kabla wingu halijawafikia. Waache wanafunzi watazame, walowe kwa manyunyu, wapige picha, kisha waondoke wakiwa wote.

Kuhusu Wagagai, wape jibu la kijiografia, kwa kuwa wewe ni mwalimu wa somo hilo. Kilele kina mita 4,321 juu ya usawa wa bahari, na safari ya kwenda na kurudi kwa kawaida huchukua siku nne au zaidi. Ugonjwa wa mwinuko unaweza kuanza kuwapata watu wanapovuka mita 2,500, na ushauri unaokubalika ni kwamba mtu akishapita mita 3,000 asilale usiku unaofuata kwenye kituo kilicho juu kwa zaidi ya mita 500 kuliko kile cha jana yake. Dawa ya uhakika ya ugonjwa huo ni kushuka, na kuwashusha watoto 80 usiku, wengine wakitapika na wengine wakiwa wameduwaa, ni kazi ambayo hata kikosi cha askari wa hifadhi kingeiogopa. Waeleze pia kwamba halijoto hupungua takriban nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 unazopanda, ili wapige hesabu wenyewe ya baridi itakayowangoja huko juu wakiwa na sweta ya shule. Wanaotaka kweli wajiunge na chama cha skauti au kilabu ya kupanda milima, wajizoeze mwaka mzima, na waombe safari hiyo wakiwa kidato cha sita. Wengi watakuwa wamesahau. Wachache watakaokumbuka ndio wa kupelekwa.

Sasa yaliyobaki. Ninakushauri uiweke wiki nzima juu ya jambo moja kubwa, ambalo ni matembezi ya Sipi, na mengine yote yawe maandalizi yake au mapumziko baada yake. Wagawe wanafunzi makundi mawili ya watu 40. Jumatatu wote wabaki shuleni: viatu vikaguliwe, fomu za afya zisomwe, makundi madogo ya watu wanane yaundwe kwa mtindo wa doria za skauti, kila doria na kiongozi wake, na mchana wafundishwe kusoma ramani na kutumia dira katika uwanja wa shule. Jumanne kundi la kwanza liende Sipi huku la pili likipanda miti, Jumatano wabadilishane. Wewe ongoza kundi la Jumanne tu. La Jumatano aliongoze mwalimu mwingine aliyekuwa nawe Jumanne na kuiona njia, nawe ubaki na wapanda miti. Hapa najua utasita, kwa sababu walimu wengi wa bweni huona aibu kukaa chini huku mwenzao akipanda, lakini mwalimu aliyechoka huhesabu watoto vibaya, na hesabu ya watoto ndiyo kazi yako ya kwanza mlimani.

Tuiseme hesabu hiyo kwa undani, kwani ndipo safari nyingi za shule hulegea. Mbele atangulie mtu mzima anayeijua njia, na nyuma kabisa awepo mtu mzima ambaye hampiti mwanafunzi yeyote hata kama mwanafunzi huyo amesimama kufunga kamba za viatu. Kati yao wawepo walimu wa kutosha ili, kwa maoni yangu, kila mtu mzima asimamie wanafunzi wasiozidi kumi, na miongoni mwao awepo mwalimu wa kike kama kuna wasichana. Kundi lihesabiwe langoni, kwenye kila njia panda, kabla na baada ya kila mapumziko, na viongozi wa doria wahesabu watu wao kwa majina badala ya kutaja idadi tu, maana idadi inaweza kutimia kwa bahati mbaya mtoto wa kijijini akiwa amejichanganya na wenzake.

Muda wa safari usiukisie. Mskochi William Naismith alitoa kanuni mwaka 1892 ambayo bado inatumika: hesabu saa moja kwa kila kilomita 5, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Tuseme njia yako ina kilomita 8 na mpando wa mita 600. Kanuni itakupa saa mbili na dakika 36. Lakini Naismith alikuwa akiwafikiria watu wazima wenye afya wasiosimama, kwa hiyo kwa wanafunzi ongeza nusu ya muda huo, na utapata karibu saa nne kabla ya chakula na picha. Mkianza saa moja asubuhi mtakuwa mmemaliza kabla ya saa nane mchana, na huo ndio mpaka ninaotaka uuheshimu, kwa sababu Elgon ina tabia ya kuanika jua asubuhi na kufungua mawingu alasiri, hata katika miezi ya Juni na Julai inayohesabiwa kuwa na mvua pungufu.

Mvua yenyewe haiui, radi inaua. Mwezi wa Juni 2011 radi ilipiga shule ya msingi wilayani Kiryandongo na kuua wanafunzi 18, na hao walikuwa darasani, hawakuwa wazi mlimani. Sauti husafiri kilomita moja kwa takriban sekunde tatu, kwa hiyo ukiona umeme na kusikia ngurumo kabla hujamaliza kuhesabu hadi 30, radi iko ndani ya kilomita kumi nanyi mmechelewa kutafuta kinga. Shukeni kutoka kwenye matuta na magenge, msijikinge chini ya mti uliosimama peke yake, ingieni kwenye jengo imara au ndani ya basi, na msitoke hadi zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Mkinaswa mahali pa wazi, wasambaze wanafunzi ili wasigusane, kila mmoja achuchumae miguu ikiwa pamoja. Lifundishe zoezi hili Jumatatu uwanjani. Watacheka, na ni afadhali wacheke siku hiyo.

Mbio za nyika zihamishie Alhamisi asubuhi, ziwe fupi, kisha siku iliyobaki iwe ya masomo ya kawaida na kufua nguo. Najua kwamba Kapchorwa ni nchi ya Stephen Kiprotich, aliyeshinda dhahabu ya marathoni katika Olimpiki ya London mwaka 2012, na ya Joshua Cheptegei, aliyeshika rekodi ya dunia ya mita 10,000 mwaka 2020 na kushinda dhahabu ya mbio hizo Paris mwaka 2024, na kwamba kila mwanafunzi wa huko anapovaa raba hujiona mrithi wao. Lakini bweni lako lina watoto wa Kampala na Jinja pia. Katika mwinuko wa karibu mita 1,900 kanieneo ya hewa ni takriban asilimia 80 ya ile ya pwani, na mwili wa mgeni unahitaji wiki moja au mbili kuzoea kukimbia katika hewa hiyo. Kama muhula umeanza karibuni, zifanye mbio za kujifurahisha bila kutangaza washindi.

Kupanda miti hakuhitaji siku nzima. Saa mbili zinatosha, mradi kila doria ipewe miche michache inayoweza kuitunza hadi mwisho wa mwaka, na majina yao yaandikwe ofisini. Miche mia tano iliyopandwa kwa mbwembwe na kuachiwa mbuzi haimsaidii mtu.

Kambi ya usiku ningeiondoa msituni. Ndani ya hifadhi ya taifa ni lazima mpitie kwa Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, mlipe, na mwongozwe na askari wao, na watoto 80 msituni gizani ni wengi mno kwa tochi za walimu wachache. Pigeni mahema katika uwanja wa juu wa shule au katika shamba la jirani aliyekubali. Giza ni lilelile, baridi ni ileile, moshi utawaingia machoni vilevile, na mtoto akiugua usiku wa manane yuko mwendo mfupi kutoka kwa matroni. Pale mtakapopachagua, tazama mteremko ulio juu yenu kabla ya kugongelea kigingi cha kwanza. Mlima huu umezoea kuporomoka: mwezi wa Machi 2010 udongo ulikifukia kijiji cha Nametsi huko Bududa na kuua watu wengi, na mwezi wa Novemba 2024 ukafunika kijiji cha Masugu wilayani Bulambuli. Nyufa mpya ardhini, miti au nguzo za ua zilizoinama kuelekea bondeni, na chemchemi iliyobadilika ghafla ikawa ya matope ni dalili za kuondoka mahali hapo, na hata pasipo dalili hizo usilaze watoto ndani ya korongo wala chini ya ukingo uliochongwa kwa ajili ya barabara. Ikiwa mvua imenyesha mfululizo siku mbili tatu kabla ya Ijumaa, lalieni ukumbini.

Jumapili iwe ya ibada na usingizi. Mashindano ya mabweni yangoje Jumamosi ya wiki inayofuata, maana kuvuta kamba kwa miguu yenye malengelenge si burudani.

Inabaki zamu na mitihani. Nenda kwa naibu mwalimu mkuu mapema, ukiwa na ratiba mpya iliyoandikwa vizuri, umwombe abadilishe zamu yako na ya mwalimu wa wiki inayofuata. Usiombe kama fadhila ya kibinafsi. Mweleze kwamba mtu anayeita majina saa kumi na moja alfajiri na kusimamia masomo ya jioni hadi saa nne usiku hawezi kukabidhiwa watoto 40 kwenye ukingo wa genge kesho yake, na kwamba ikitokea ajali, swali la kwanza la wazazi litakuwa nani aliyepanga hivyo. Mitihani ya kidato cha nne isahihishe kabla ya wiki hiyo au baada yake. Ukiibeba kambini italowa.

Swali la pili

Ndugu Mshauri, mwanangu ana pumu na anasoma bweni mlimani. Shule imetuarifu kwamba kutakuwa na wiki ya matembezi na kambi. Je, nimkataze kwenda? *Mama wa Ntinda, Kampala*

Jibu

Mama, usimkataze kabla ya kumwuliza daktari wake, kwa sababu watoto wengi wenye pumu iliyodhibitiwa hutembea na kukimbia vizuri. Kinachomsumbua zaidi mtoto wa namna hiyo mlimani ni hewa ya baridi na kavu anayoivuta kwa nguvu akipanda, pamoja na moshi wa kuni kambini, kwa hiyo apewe nafasi ya kukaa mbali na moto upande ambao upepo hauelekei, afunike pua na mdomo kwa kitambaa asubuhi, na aanze polepole badala ya kukimbilia mbele na wenzake. Mwulize daktari kama atumie inhela ya kufungua kifua dakika chache kabla ya kuanza kupanda.

Jambo ninalokusihi ulisimamie ni mahali inapokaa inhela hiyo. Katika shule nyingi za bweni dawa zote hufungiwa kabatini kwa matroni, utaratibu ambao unafaa kwa vidonge lakini haufai kwa pumu. Inhela iwe mfukoni mwa mtoto, ya akiba iwe katika sanduku la huduma ya kwanza la mwalimu anayetembea na kundi lake, na mwalimu huyo aonyeshwe jinsi ya kuitumia. Andika barua, usitegemee simu, ukieleza dalili zake za mwanzo, kipimo alichoandikiwa na namba mbili za kupigiwa. Mtoto akibanwa akae wima, asilazwe, na kama dawa haileti nafuu haraka apelekwe hospitali bila kungoja kundi limalize safari.

Kwa kuwa umeliuliza, niwaambie na wazazi wengine: mwenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, anahitaji tahadhari kubwa zaidi ya mwenye pumu katika safari kama hii, maana baridi, kiu na uchovu ni mambo yanayoweza kuamsha maumivu makali. Kuna familia zinazoificha hali hiyo kwa kuogopa maneno ya watu. Fomu ya afya ya shule si mahali pa kuficha.

Swali la tatu

Mshauri, mimi ni mpishi wa shule. Tukienda kambini maharage hayaivi hata tukichochea moto namna gani, na watoto hulala na njaa. Je, kuni za mlimani zina kasoro? *Mpishi, Bukwo*

Jibu

Kuni hazina kosa, ndugu yangu. Kadiri unavyopanda ndivyo maji yanavyochemka katika halijoto ndogo zaidi, takriban nyuzi moja ya Selsiasi pungufu kwa kila mita 300, kwa hiyo katika mwinuko wa mita 2,000 maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi badala ya 100. Ukichochea moto unaongeza mvuke na kumaliza kuni, lakini maji hayapati joto zaidi ya hapo, na maharage makavu yatakuchukua muda mrefu kuliko uliouzoea kule chini Mbale.

Loweka maharage usiku kucha, mwaga maji hayo, uyachemshe shuleni hadi yaive kabisa, kisha uyabebe kambini yakiwa tayari na uyaunge tu kwa kitunguu na nyanya. Sufuria ifunikwe na jiwe liwekwe juu ya kifuniko. Posho, yaani ugali, haikusumbui sana kwa kuwa unga huiva upesi, ila ongeza muda kidogo wa kuusonga. Kwa siku ya matembezi usipike kabisa: chapati, mayai ya kuchemsha, viazi vitamu vilivyochemshwa, ndizi na karanga hubebeka, na mtoto anaweza kula kidogo kidogo njiani badala ya kungoja sahani moja nzito ya mchana itakayomfanya asinzie kwenye mteremko. Kila mwanafunzi abebe angalau lita moja na nusu ya maji yaliyochemshwa, kwa sababu baridi huwafanya wasahau kunywa. Malewa, yaani machipukizi ya mianzi, kama mna bahati ya kuyapata kwa majirani wa Bugisu, yapike katika mchuzi wa karanga siku ya kurudi, wakati kila mtu yuko karibu na jiko kubwa na hakuna anayehitaji kuamka alfajiri.